Injini Iliyoletwa Harusini Kwetu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na ukiona karatasi ina madoa ujue ni machozi. Niliolewa Agosti na Musembi, mpiga filamu, ambaye hata nikiandika jina lake natabasamu peke yangu, maana ananipikia chai asubuhi na kuniita kipenzi mbele ya mama yake, lakini sasa kanda ya harusi yetu, aliyoipiga mwenyewe akiwa na suti ya bwana harusi, inataka kunitenganisha na ukoo wangu.

Musembi husaidia wananchi wanaofanya uchunguzi wao wenyewe baada ya ofisi kuwanyamazia. Kijijini kwetu, karibu na Zombe, wanachunguza jinsi injini ya kisima cha umma ilivyopotea, wanawake wakarudi kuchimba mchanga wa mto watafute maji. Juzi alipowaonyesha filamu zake kanisani, wakaomba ya harusi pia, wafurahi kidogo. Kwa kuwa tulifungia harusi huku Wote, wengi hawakufika. Ilipofika sehemu ya zawadi, mjomba wangu Kiilu, mwenyekiti wa kisima, akaonekana akishusha injini kutoka kwenye pikapu, imepakwa rangi nyekundu na kuvishwa maua. Mama Syokau, mmoja wa hao wachunguzi, akaruka: "Simamisha hapo! Hiyo ni yetu! Hicho kiraka kilichomelewa mbele yangu!"

Mjomba alituambia ameinunua Machakos, nasi tunamwagilia sukuma wiki nayo, Musembi huiwasha kila jioni. Sasa anasema, "Mwambie bwana yako akate hicho kipande kama ananiheshimu." Musembi anasema, "Sikati, kipenzi. Nikikata cha kwenu, kesho nitamwambia nani aseme ukweli?" Kanda itaonyeshwa Jumamosi ijayo mbele ya umma wote. Mjomba ndiye aliyenilipia sekondari. Je, nikimbembeleza Musembi akate, nitakuwa nimekosa?

Bi Harusi, Wote

Bi Harusi, pole, lakini umenichosha. Nimetafuta katika barua yako wale wanawake wanaochimba mchanga, nikawapata mara moja tu. Chai ya Musembi imepata nafasi kubwa kuliko wao.

Usimbembeleze. Kanisa zima limeshaona. Utakata macho ya watu? Mjomba alikusomesha, mshukuru maisha yako yote, ila hakukulipia karo ili umfichie mali ya umma. Mwendee kabla ya Jumamosi, umwambie asimame mwenyewe aeleze, nawe utaketi karibu naye. Akikataa, aibu si yako tena.

Na huyo mume unayemsifu! Hakati filamu, vizuri, lakini kila jioni anaiwasha injini hiyo hiyo! Mboga zake hazihitaji ukweli? Izimeni leo. Tafuteni pikapu, muirudishe mchana kweupe, Mama Syokau akiona. Kamera apewe mtu mwingine. Musembi ashike ule upande mzito wa injini.