Sementi Itangoja, Mama Nusu

Mwaka umetimia, Mama, tangu ile siku ya soko pale Mpondwe, mpakani, ulipokaa juu ya dumu lako la mawese, ukamwambia mwenzako wa meza ya pili kwamba umechoka kidogo, na hukuinuka tena.

Jina lako la ubatizo liko kwenye msalaba, la nyumbani ni Kavira, lakini wengi watakaosoma haya walikujua kama Mama Nusu. Jina hilo lilianzia sokoni, ulikompimia mtu hata nusu kikombe cha mawese, likakufuata hadi nyumbani Bwera, likaingia mpaka kanisani. Hata padri aliteleza siku moja akalitamka mbele ya watu. Hukukasirika. Ulicheka ukamwambia, "Padri, nusu nayo iko kitu. Zero njo haiko kitu."

Anayeandika kwa niaba ya wote ni mimi, Ronah, mwanao mkubwa, niliyeolewa Kasese. Mdogo wangu Kule angeandika vizuri zaidi, ila anashinda forodhani akipakua malori, na jioni mikono yake haitaki tena kushika kitu chembamba kama kalamu.

Uliukata mche wa sabuni kwa uzi ukiwa bado mbichi, ukavipanga vipande juu ya kabati vikauke, kwa sababu sabuni mbichi huyeyuka ukiitazama tu. Kuna siku mgeni alidhani ni jibini. Maji ya kuoshea mchele yalinywesha sukuma nyuma ya jikoni. Vumbi la makaa, ambalo wengine hulimwaga, ulilikanda na udongo ukafinyanga mabonge, nayo yalikaa na moto mpaka jioni. Kitenge chako kilianza kanisani, kikashuka sokoni, kikabeba mtoto, kikashika sufuria ya moto, na mwisho kikapiga deki. Baba alikuwa akisema kitenge cha Kavira hakifi, kinahamishwa kazi tu.

Na yale maharage yako. Uliyaloweka tangu jana yake, asubuhi ukayachemsha kwa moto mkali, na wewe mwenyewe ukasimama hapo yasije yakatolewa mapema. Kisha ukaifukia sufuria ndani ya kile kikapu kikubwa chenye majani makavu ya mgomba, ukaifunika blanketi la zamani, ukaenda zako sokoni. Ukirudi yameiva. Siku moja katekista aliingia jikoni, akaona blanketi limeinuka pembeni, akauliza kwa sauti ya chini nani anaumwa. Ulimjibu ni maharage, na akala.

Wapo waliokuita mchoyo. Hao hawakuwepo siku watu wa Beni, upande wa Kongo, walipovuka wakikimbia vita, magodoro kichwani, ukaongeza maji na maharage kwenye sufuria ileile, na nyumba mbili zaidi zikala humo mpaka walipopata pa kukaa. Akiba haiozi, ulikuwa ukisema, na siku ile tuliona ilivyokuwa kwa ajili ya nani.

Sasa nikwambie kinachotusumbua, Mama, maana mwaka mzima tumekuwa tukikizunguka.

Ulikuwa na presha. Nesi alikuambia umeze kidonge kizima kila siku, uwe unaumwa au huumwi. Wewe ukakikata kwa kisu cha vitunguu, kama ulivyokata kila kitu. Siku ambayo kichwa hakikukuuma hukumeza kabisa. Mdogo wako Sylvie, aliyeko Butembo, alitueleza baada ya mazishi mlivyokuwa mkiongea kwenye simu. Anasema ulimwambia, "Ile dawa iko na nguvu sana, nusu inanitosha. Na leo kichwa haiume, nitaimeza ya nini?" Sylvie alilia alipokuwa akitusimulia, na sisi tulilia naye. Yule nesi alikuja kutupa pole, akasema presha haibishi hodi, inaweza kumkuta mtu akijiona mzima kabisa. Tulitamani angekuja kabla.

Hatukulaumu. Tuna hasira kidogo, lakini hatukulaumu.

Shida ni kwamba Baba naye anayo. Tuligundua manesi walipokuja parokiani kuwapima watu baada ya Misa. Baba alikwenda kwa utani tu, ili asiwaache wazee wenzake peke yao kwenye foleni. Wenzake waliambiwa waende nyumbani, yeye akaambiwa akae. Tukakubaliana kwamba Kule ndiye atakayenunua dawa zikiisha. Zikapita wiki, Kule akamuuliza kama zimeisha. "Ingali mingi," Baba akasema. Zikapita nyingine. "Ingali mingi." Kule alifurahi kidogo, kisha akaanza kuogopa, akanipigia simu Kasese.

Nilishuka Bwera siku iliyofuata bila kumwambia Baba. Nilimkuta mezani jikoni, miwani kwenye ncha ya pua, ameshika kile kisu chako cha vitunguu, anakata kidonge. Alipomaliza alibandika kidole juu ya ule unga uliobaki mezani akaulamba, usipotee. Nilisimama mlangoni na mkoba wangu begani. Nilikuona wewe, Mama.

"Baba, unafanya nini?"

"Ninafanya vile mama yako alikuwa anafanya."

Nilitaka kumuuliza, na mama yangu yuko wapi sasa? Nikamuuliza tu kwa nini, wakati dawa tunanunua sisi.

Akaniambia ni sementi. Hapa kwetu mwaka ukitimia kaburi hupigwa sementi, ukoo wa Baba hushuka kutoka Kyondo mlimani, wa kwenu huvuka mpaka, watu wakala wakashiba. Baba mkubwa Nuwa alikuwa ameshatuma ujumbe kutoka Kyondo akiuliza mbuzi watakuwa wangapi. Na Baba, bila kumwambia mtu, alikuwa ameanza kujinyima: chai bila sukari, taa inazimwa kabla hajala, jembe lililovunjika mpini linafungwa kwa kamba. Dawa ilikuwa kwenye foleni hiyohiyo. Alifikiri kila kidonge anachokiokoa kinatupunguzia sisi mzigo, tutoe zaidi kwa mama yetu.

"Mwaka ikifika na kaburi ingali udongo," alisema, "wakwe yangu watasema mimi Thembo nilizika bibi yangu kama kuku."

Hapo nikaelewa kwamba hakuwa akiikata dawa kwa ubahili. Alikuwa akiikata kwa mapenzi, na mapenzi ni magumu zaidi kubishana nayo.

Nilirudi Kasese nikiwa na hofu, na hofu hiyo haijatoka. Simu ikilia jua halijapanda vizuri, huwa nimeshanyakua mkoba kabla sijaona ni nani anapiga. Mume wangu Ronnie amenibadilishia mlio, akidhani mlio ule wa zamani ndio ulionitisha. Kila asubuhi nilikuwa nampigia Baba namuuliza kama amemeza. Nimemeza, anasema. Nzima? Hapo kulikuwa na kimya kidogo. Nzima, anasema. Kimya kile, Mama, kilinikalia kifuani siku nzima, nikiwa sokoni, nikiwa napika, nikiwa nazungumza na watu ninaitikia mambo nisiyoyasikia.

Jumapili moja mwezi uliopita tulikaa kikao nyumbani Bwera. Baba mkubwa Nuwa alishuka kutoka Kyondo, na Sylvie alikuwepo kwa simu, tuliyoiweka katikati ya meza. Kule ndiye aliyesema. Alisema waziwazi kwamba Baba anakata dawa ili apate sementi, na kwamba sisi watoto hatutaki sementi wala karamu mwaka huu. Baba aliangalia sakafu. Nuwa akasema mambo ya ukoo hayakatwi nusu, na mimi nikaona kila kitu kinaporomoka. Nuwa si mtu mbaya, mnajua, lakini akishasema neno hulikalia.

Ndipo simu ikazungumza, Sylvie akikuita Yaya, dada yake mkubwa, kama zamani. "Shemeji Thembo, unanisikia? Yaya haikukuwa mutu ya kuogopa udongo. Siye bote tutalala mu udongo. Weye unakimbilia nini?"

Baba akaisogeza simu karibu.

"Batu ya Butembo hatutavuka juu ya kula mbuzi," Sylvie akaendelea. "Tutavuka juu ya kuona weye uko muzima. Ukikufa juu ya sementi, ile sementi njo itatukasirisha."

Nuwa alikohoa. Yeye anajua, kama sote tunavyojua, kwamba kaburi la mke likikaa vibaya wa kwanza kulalamika ni watu wa kwao. Na wao walikuwa wameshasema. Akauliza kama kuna chai. Kwa Nuwa, hiyo ni sawa na kukubali.

Kwa hiyo, Mama, na ninyi ndugu na marafiki mnaosoma, tunatangaza hivi. Jumamosi ijayo asubuhi kutakuwa na Misa parokiani Bwera. Tukitoka hapo tutakwenda kaburini, nyuma ya nyumba kwenye mibuni, tutapalilia, tutasali, tutapanda maua. Kisha kila mtu atakwenda kula kwake. Hakuna mbuzi, hakuna turubai, hakuna viti vya kukodi. Anayetaka kuja na kitu aje na jembe. Sementi itangoja mpaka tutakapoweza kuinunua bila mtu yeyote kuilipia kwa mwili wake.

Tumeyapitia mazoea yako moja moja, Mama, tukaulizana lipi tulishike na lipi tuliache. Sabuni tunaendelea kuikausha. Mabonge ya makaa yapo. Kikapu cha maharage sasa kinalisha nyumba mbili, yetu na ya jirani yako Vasta: siku moja anawasha yeye moto, siku inayofuata tunawasha sisi, na makaa yanadumu kuliko tulivyotegemea. Mara ya kwanza Vasta aliyatoa maharage motoni mapema ili kuokoa makaa zaidi, tukaumwa matumbo wote, naye akaapa hatarudia. Kule ameacha kulipia kutazama mpira. Anasimuliwa magoli na wenzake forodhani, na anasema wanasimulia vizuri kuliko yalivyofungwa. Mimi nywele nasuka mwenyewe, na Ronnie ni mtu mwema, hajasema neno.

Dawa peke yake ndiyo hatuikati. Hapo tumekuasi, na tunajua ungetukunjia uso.

Kule humpa Baba kidonge mkononi kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na akishameza humwomba afungue mdomo. Baba amemuuliza kama forodha imehamia nyumbani na kama anatafuta magendo chini ya ulimi. Wiki ya kwanza, Mama, magendo yalikuwepo. Sasa mdomo unakutwa mtupu, ila Kule haachi kukagua, na mimi namwambia asiache.

Sitaki kuwadanganya wanaosoma kwamba yote yamekaa sawa. Nesi alimpima tena juzi, na presha bado iko juu kuliko anavyotaka yeye. Alisema Baba ameze, apunguze chumvi, arudi. Nilimuuliza kama tumechelewa. Alisema hawezi kujua bado. Nimelibeba neno hilo mpaka Kasese na sijui niliweke wapi. Naogopa tutakuja kusimama Jumamosi kaburini kwako, nimtazame Baba akiinama na jembe, na nianze kuhesabu pumzi zake badala ya kusali. Kama unaweza kutuombea huko uliko, tuombee hilo kwanza. Mengine tutayamudu, ulitufundisha.

Kabla ya kuyapeleka haya parokiani na kuwatumia ndugu kwenye simu, niliona si haki watu wayasome na Baba hajayasikia. Nilimsomea barazani, neno kwa neno, hata lile la unga wa kidonge. Nilikuwa nasubiri aniambie nimemvua nguo mbele ya parokia nzima. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti. Kule alikuwa amesimama nyuma yake.

Baba akauliza, "Iko na nafasi ya maneno yangu hapo?"

Nikamwambia ipo.

"Andika hivi. Kavira, usiningoje. Mimi nitachelewa."

Nimeandika, Baba.

Tunaokukumbuka, Mama: mume wako Thembo, watoto wako Ronah na Kule, mkweo Ronnie, mdogo wako Sylvie na wote wa Butembo, shemeji yako Nuwa na ukoo mzima wa Kyondo, jirani yako Vasta, na wenzako wote wa soko la Mpondwe.

Hakuna siku itakayopita bila sisi kukukumbuka.