Mdomo Ulioubakiza

Mama Tumaini, mke wangu mpendwa,

Binti yetu amenihamisha. Nyumba yetu ya kupanga ya ghorofani, mtaa wa Jane na Finch huku ugenini, nimeirudisha kwa wenyewe, na sasa ninaishi kwake Richmond Hill, penye kimya kiasi kwamba namsikia jirani akifunga mlango wa gari. Vyombo vingi tuliwagawia watu wa kanisani. Vitu viwili nilivipakata mwenyewe njia nzima: kalenda yako na picha yangu.

Unakumbuka ulivyoileta kalenda ile? Ulirudi kutoka kazini kwako ghalani Malton, miguu imekuvimba, nayo imeviringishwa kwapani. Msimamizi wako alitaka kuitupa kwa kuwa mwaka wake ulikuwa umekwisha. Ukaitundika sebuleni kama tulivyofanya Songea, ambako kalenda haiondolewi ukutani maadamu picha yake inapendeza. Nikakwambia si sahihi kutundika tarehe zilizopitwa.

"Tarehe ndizo zilizokwisha, Baba Tumaini," ukasema. "Matufaha ya pichani hayajaoza."

Picha zilikuwa za wale wachoraji waliofanya kazi Ufaransa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, waliowafuata wale wa kwanza waliokimbizana na mwanga wa jua. Majina yao yalikushinda, ukawabatiza upya. Mzee Matufaha alichora meza iliyoinama hata nikahofia matunda yataporomoka. Wewe ukanionyesha kwamba ameitazama meza kutoka pande mbili kwa wakati mmoja. Bwana Ugali, yule Mholanzi, alirundika rangi nzito kana kwamba ameisonga kwa mwiko, na mivinje yake ilijipinda kama moshi. Aliyehamia visiwani alipaka ardhi rangi ya waridi, bapa, kisha akaizungushia mstari mweusi. "Huyu anajua kanga," ulisema. Mpenzi wako, hata hivyo, alikuwa Bwana Punje, asiyepiga mstari hata mmoja, nukta tupu.

Jumamosi moja tulikwenda mjini, kwenye jumba la sanaa, kuuona mchoro wa namna yake. Ulinishika mkono wa koti. "Sogea. Unaona nini?" Niliona nukta nyekundu na za buluu, zimetengana kabisa. "Haya, rudi nyuma. Rudi tena, mume wangu, hakuna shimo." Niliporudi, rangi ya zambarau ikatokea mahali ambapo hakuna aliyeipaka.

Ndipo ulipoanza kunichora, kwa njiti za kiberiti ulizochovya kwenye rangi. Nilikaa kitini nimevaa tai.

"Umekaa kama unasimamia mtihani!"

"Ndivyo mtu anavyokaa akichorwa."

"Basi mdomo nauacha. Nitauweka siku utakayocheka."

Ukamaliza paji la uso, macho, tai, hata ukuta nyuma yangu. Mdomo ukabaki kitambaa kitupu. Nilidhani tuna muda. Maradhi yako hayakutupa muda, na hospitalini hapakuwa na la kunichekesha.

Tumaini aliniomba mara nyingi aimalizie. Anazo njiti zako, anao mkono wako. Nilimkatalia kwa ukali. Niliona kwamba nafasi ile ni yako, na mtu akiijaza utakuwa umeondoka kweli.

Juzi nilimkuta anaitundika kalenda jikoni kwake, mwezi uleule wa matufaha. Bila kufikiri nikasema si sahihi kutundika tarehe zilizopitwa. Akageuka, mikono kiunoni, shingo ameiinamisha upande kama wewe.

"Baba, umeyasubiri yaoze miaka yote hii. Yamekugomea!"

Nilicheka, Mama Tumaini. Nilicheka hadi nikashika meza.

"Hapo hapo! Usiufunge!" akapiga kelele, akakimbilia njiti. Nami, ambaye nilikuwa nimekataa, nikakaa.

Mdomo umetoka upande, na nukta zake ni nene, zimekaribia za Bwana Ugali. Kwa karibu, mkono wako na wake inatofautiana waziwazi. Jana nilirudi nyuma, nikarudi tena hadi mgongo ukagusa jokofu. Kutoka pale sikuweza kuona wewe unaishia wapi na yeye anaanzia wapi.

Pumzika, mpenzi. Kiti changu kinaitazama picha.

Mumeo anayecheka ukutani,
Baba Tumaini