Hewa ya Baba Mkwe

Nangila, hii usiwasomee wanawake wanaochota maji mferejini hapo Mukuru. Nimeaibika. Nakuandikia kwa karatasi ya unga, hapa benchi ya wodini.

Unajua babake Patrobas alipasuliwa tumbo Jumatatu. Sista akaniambia asipotoa hewa kufikia leo, basi matumbo yamelala, atapasuliwa tena. Nimchunge. Mimi, mke wa mwanawe, nichunge hiyo.

Nimechunga tangu asubuhi. Tumbo linafura, jasho linamtoka, ananitazama tu. Ndipo nikaelewa. Mzee anajibana kwa sababu yangu, mkwe asisikie.

Nikatoka nikasimama nje ya dirisha. Nangila, hata sijafunga leso vizuri, nikasikia.

Daktari akaja na kitanda cha magurudumu. Nikarudi mlangoni.

"Mzee, umejamba?"

"Mimi? Mbele ya mkwe? Sijajamba."

"Basi twende tukupasue."

Wakaanza kumsukuma. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Amejamba, daktari. Mara tatu. Nimesikia."

Nilisema hivyo, Nangila.

Mzee akajifunika blanketi mpaka kichwani, akasema humo ndani polepole, "Ni mbili, mama. Usiniongezee."