Baba Mkwe Kaninunulia Kebo Fupi ya Usukani

Mpendwa Bi Klementina, shikamoo. Naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana nyumbani sina wa kumweleza na moyo umejaa.

Nina boti ndogo ya faiba hapa Bagamoyo, ya mashine moja, napeleka wageni kwenye fungu la mchanga na mlango wa mto Ruvu kutazama viboko, na usukani wake ulikuwa mgumu mpaka mabega yananiuma, nikajua kebo inayotoka kwenye usukani kwenda kwenye mashine imeliwa na kutu na haina dawa ila kubadilishwa. Baba mkwe wangu, Mzee Bwanausi, nahodha mstaafu wa majahazi na mwenye jina lake hapa mjini, akasema hilo nimwachie yeye, akaingia kwenye boti akatanua mikono akapima pima kwa pima, kama anavyopima kamba maisha yake yote, kutoka kwenye usukani moja kwa moja hadi kwenye mashine, akaenda Dar akarudi na kebo mpya kabisa, akanikabidhi Ijumaa baada ya sala mbele ya ndugu na majirani, ikasomwa fatiha, nami nikambusu mkono, ningefanya nini tena.

Sasa Bi Klementina, kebo ni fupi. Mzee alipima hewani na kebo haipiti hewani, inafuata ubavu wa boti, inakata kona kule tezi, nyuma ya boti, ndipo inaingia kwenye mashine, nami nimeivuta hivyo hivyo nikaifunga, imejikunja vibaya, boti inakata kulia vizuri lakini kushoto inagomea katikati. Nimeijaribu peke yangu nikaishia kwenye mikoko. Na Jumamosi nawapeleka wanawake wa ukweni harusini Saadani, mke wangu Raya na mama mkwe wakiwemo, na mzee mwenyewe kasema atakaa mbele aone kebo yake inavyofanya kazi. Kila akinipitia huniuliza usukani vipi, nami namwambia mlaini, baba, alhamdulillahi. Amefurahi hata kamwahidi shemeji yangu Najim kwamba atampimia na yeye boti yake.

Nimewaza ninunue nyingine kimyakimya niifunge, nimwambie ndiyo ile ile, au Jumamosi niende taratibu tu nisikate sana kushoto. Mkwe haambiwi umekosea, mila zetu unazijua. Nifanyeje?

Twalha, Dunda, Bagamoyo

BI KLEMENTINA ANAJIBU

Marahaba, Twalha. Pole, mwanangu. Mkwe anayetoka Bagamoyo hadi Dar kwa ajili ya boti yako ni mtu wa kushukuriwa, na naona unavyompenda ndiyo maana umekwama.

Pole yangu imeishia hapo. Umeijaribu boti, umeingia kwenye mikoko, halafu unaniuliza kama uwapakie mama zako? Eti usikate sana kushoto. Utaiomba bahari ikuletee mawimbi ya upande mmoja? Kumheshimu mkwe ni jambo jema, ila wewe umechanganya heshima na woga, na huo woga ndio unaotaka kushika usukani Jumamosi.

Hilo la kununua kimyakimya nalo liache. Mzee aliyeishi baharini ataitazama kebo mara moja tu ajue si yake. Na hata asipojua, umeandika mwenyewe kwamba anakwenda kumpimia Najim kwa mikono ile ile. Uongo wako utaokoa boti yako na kuharibu ya shemeji yako. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Mila haisemi mkwe asiambiwe. Inasema asiumbuliwe mbele za watu. Kwa hiyo kesho asubuhi maji yakitoka, boti ikiwa imekaa mchangani, kamwite peke yake. Usifungue kebo kwanza. Mwambie, "Baba, naomba unishikie usukani, kushoto pananishinda." Kisha nyamaza, mpishe. Mikono iliyoongoza majahazi itahisi yenyewe pale kebo inapogoma. Akigeuka kukutazama, mwambie ukweli wote, pamoja na ule uongo wa mlaini, baba. Mwombe radhi. Halafu mwongezee neno moja: "Kebo yako nzima, baba, boti yangu ndiyo yenye kona." Kebo hiyo itafaa boti fupi zaidi, zawadi yake haitatupwa.

Sasa kazi yenyewe. Nimemuuliza Herman, fundi wa mashine za boti kule Mbegani, naye kafoka kuliko mimi. Itafute kebo ya zamani, natumaini hukuitupa. Urefu huwa umepigwa chapa kwenye ganda lake, na kama umefutika ilaze chini ulipime ganda zima kwa futikamba, na Mzee Bwanausi ashike ncha ya pili, ajionee. Nenda nayo dukani mkononi, upewe ya urefu ule ule na inayoingia kwenye kichwa cha usukani wako, maana kila kampuni ina mdomo wake. Usikubali kuambiwa itavutika, na kebo ya usukani haiungwi kama kamba ya kuanikia nguo. Ndefu kupita kiasi nayo usichukue, itajizungusha na usukani utakuwa mzito tena. Kabla ya kufunga mpya, isukume mashine kwa mkono kushoto na kulia ikiwa haina kebo. Ikigoma, ugonjwa uko kwenye mashine pia. Ikienda vizuri, safisha lile bomba inamopita kebo, toa grisi kongwe na kutu yote, upake grisi mpya ndipo ufunge. Zungusha mpaka mwisho pande zote mbili ukiwa nchi kavu, kisha majini, peke yako.

Ijumaa jioni ikifika na kebo sahihi haijafungwa, boti ilale ufukweni na wanawake wapande gari. Mzee akinuna, anune. Mkwe aliyenuna utampigia magoti na atakusamehe, Twalha. Aliyezama humpati wa kumpigia magoti.