Mke Mdogo Amejipaka Marashi

Dahabo, mama Nasteho,

Salaam alaykum huko ulikolala. Ni mimi, Gedi. Usiucheke mwandiko. Wewe ndiye uliyenivuta kwa mkono mpaka darasa la ngumbaru, ukaniambia mwanamume anayewajua ngamia wake mmoja mmoja hatashindwa na herufi. Mwalimu alitufundisha kwa Kiswahili, kwa hivyo herufi nilizo nazo ni za Kiswahili, na utanisoma hivyo hivyo. Wewe ulimaliza daftari tatu. Mimi nilimaliza moja nikasema inatosha. Naona haikutosha. Nimekaa kizingitini tangu nitoke kuswali alasiri na karatasi ya kwanza nimeshaichana.

Nina neno la kukuambia. Lakini kwanza habari za nyumbani.

Nasteho amejifungua huko Bura. Ni msichana, na wamempa jina lako. Nilipombeba alinishika ndevu akavuta, nikasema huyu ni yeye, msiniulize zaidi. Mbuzi wako mweupe amezaa mapacha. Kitandani nalala upande wako siku hizi. Nikilala upande wangu, mkono unakutafuta.

Kazi bado ninayo. Na wallahi, Dahabo, kutoka hapa Garissa mpaka Diff, kule mpakani, hakuna mtu anayeiendesha ile mashine kama mimi. Unaijua mwenyewe, uliiona siku ile uliponiletea chakula pale ukumbi wa harusi. Injini yake kama ya pikipiki, mtungi wa gesi juu ya mgongo, na chini ile sahani pana inayozunguka na kung'arisha sakafu. Wanaume wawili waliijaribu kabla yangu, mmoja ikamburuta mpaka ukutani. Mimi niliyewafunga kamba ngamia madume wakiwa na wazimu wao, nitashindwa na mashine? Naishika kwa vidole viwili. Sakafu nikiimaliza unaweza kunyoa ndevu ukijitazama ndani yake. Bibi harusi mmoja aliinua gauni lake akidhani ni maji. Sitii chumvi. Haya, natia kidogo.

Wewe hukuipenda. Uliiita mke mdogo. Nikifika nyumbani, ninavua viatu mlangoni, unauliza, "Umetoka kwake?" Kisha unanishika shati begani, unaleta pua, unavuta hewa. Siku nyingi ulinyamaza tu ukaenda kumimina chai. Lakini siku nyingine ulisema, "Leo mke mdogo amejipaka marashi."

Fundi aliyetoka Nairobi kutufunza mashine alisema kila asubuhi, kabla ya kuwasha, tupake povu la sabuni mahali mpira wa gesi unapoungana na mtungi na injini. Povu likivimba, gesi inatoka. Mimi nikaona hayo ni mambo ya watoto. Wewe, uliposikia, hukubishana na mimi. Ukawa unanikorogea povu kila asubuhi kwenye kile kikopo chako cha maziwa, mpaka linakuwa zito kama la maziwa ya ngamia yaliyokamuliwa sasa hivi. Unafunga kitambaa juu, unanipa pamoja na anjera yangu, chapati laini ya asubuhi.

Leo nakiri. Siku nyingi nilimwaga povu lako nyuma ya ukumbi. Lakini ukitaja marashi ya mke mdogo, kesho yake sikumwaga. Napaka, na kweli nakuta nati imelegea, au mpira umepasuka kwa joto hili letu. Nabadilisha, nakaza, naendelea na kazi. Sikukuambia asante hata mara moja. Nilidhani ni wivu, nikafurahi kwamba mzee kama mimi bado anaonewa wivu.

Tangu tukuzike, kikopo kiko pale pale rafuni. Sijakigusa. Na hakuna anayenusa shati langu.

Sasa neno lenyewe ni hili. Pua yangu imekufa. Ilikufa na ile homa iliyonilaza wiki tatu, zamani, hata kabla ya kazi ya ukumbi. Niliamka nikiwa mzima, lakini harufu zote zilikuwa zimeondoka. Sikumwambia mtu. Ningesemaje? Mimi ndiye Gedi wa pua. Kwenye visima waliniuliza mimi mvua iko upande gani. Fisi alikuwa hajafika, nami nimeshamwambia mchungaji afunge zizi. Mwanamume akishajulikana kwa kitu, atasimama mbele za watu aseme kimekufa? Nikafanya kama ninavyofanya siku zote. Nikajifanya.

Alhamisi ya wiki iliyopita palikuwa na harusi ukumbini. Nilianza kazi asubuhi. Nilifungua milango yote kama inavyotakiwa, kwa sababu moshi wa ile injini hauonekani, lakini ukifungiwa nao ndani unalala usiamke. Nilifagia mchanga wote kwanza. Nikang'arisha. Dahabo, ile sakafu ilikuwa kama mbingu.

Nikiwa namaliza, adhana ya adhuhuri ikaita. Unajua tangu uondoke sikosi safu ya mbele, maana nina dua ndefu, yote ni yako. Nikaharakisha. Mashine ile haizimwi kwa haraka. Unafunga koki ya mtungi kwanza, unaiacha injini imalize gesi iliyobaki kwenye mpira, ife yenyewe, ndipo unageuza ufunguo. Halafu unaisukuma nje. Mimi niligeuza ufunguo nikaondoka. Koki niliiacha wazi. Mashine niliiacha kwenye kona ya upande wa wanawake. Na kwa kuwa upepo wa vumbi ulikuwa umeanza, nikafunga milango na madirisha yote ili mbingu yangu isiingiwe na mchanga.

Niliporudi nilimkuta Sahra amefungua mlango mdogo, amesimama hapo hapo. Huyu ndiye msimamizi wa ukumbi, umri wake kama Nasteho, huniita Awowe, babu, ingawa hatuna udugu. Akakunja uso. "Awowe, husikii harufu?"

Nikamwambia, "Nasikia. Ni dawa ya sakafu. Leo wewe ndiye utanifundisha kazi?"

Akasema, "Basi sawa, Awowe. Wewe ndiye unayejua." Akageuka kwenda kuhesabu viti vilivyokuwa uani.

Wewe ndiye unayejua. Unakumbuka nilivyoyapenda maneno hayo, nikija nyumbani nakurudia mara tatu nani kaniambia. Siku hiyo yaliniingia kama mwiba. Nilisimama pale na uongo wangu mdomoni, na macho yangu yakamwona Kadija akivuka ua.

Kadija unamjua, yule mwenye sauti. Bibi harusi ni binti wa dada yake. Alikuwa amebeba dabqaad, kile chetezo cha udongo, makaa yamewiva mekundu, anayapepea kwa ukingo wa shuka yake. Nyuma yake wanawake wawili na bakuli la uunsi, ule ubani wetu unaopikwa na sukari. Anakuja kukiweka chini, sakafuni, upande wa wanawake, afukize viti vya bibi harusi. Kama alivyofanya mama yake. Kama ulivyofanya wewe kwa Nasteho.

Na gesi ile ni nzito. Haipandi juu, inalala chini sakafuni kama mbwa aliyechoka.

Sijui nikuambie nini. Sikusikia harufu yoyote. Nilikusikia wewe. Nilikusikia wazi kabisa, kama uko nyuma ya bega langu umeshika shati. "Leo mke mdogo amejipaka marashi."

Ndoo ya maji ya deki ilikuwa kando ya ngazi. Niliibeba, mimi na magoti yangu haya, nikamkimbilia Kadija, nikaimwaga yote juu ya dabqaad. Makaa yakalia, mvuke ukapanda, shuka ya watu ikalowa mpaka kiunoni.

"Waryaa, mzee! Umerukwa na akili? Unamwagia maji uunsi wa bibi harusi? Dahabo angekuona leo!"

Nikamwambia, "Ndiye aliyenituma." Akanyamaza. Kadija! Ungekuwepo ushuhudie Kadija akinyamaza.

Nikapiga kelele watu wote watoke nje ya lango, asiguse mtu swichi ya taa wala feni. Nikavuta pumzi nikaingia, nikafunga koki, nikatoka nikizunguka ukumbi kufungua kila mlango na kila dirisha kutoka nje. Upepo ukaingia na vumbi lake lote juu ya kazi yangu ya asubuhi. Niliuacha uingie. Sikunung'unika hata kidogo.

Upepo ulipokwisha kufagia kila kitu, tuliisukuma mashine mpaka katikati ya ua. Nikakoroga povu kwa mkono wangu mwenyewe, baya, jepesi, si kama lako. Nikafungua koki kidogo, nikapaka. Kwenye nati ya mpira lilivimba puto kubwa kama shavu la mtoto wa Nasteho. Sahra alilitazama. Mimi nilimtazama Sahra.

Nikakaa kwenye ngazi nikamwambia. Kwamba pua yangu imekufa. Kwamba nilipomwambia nasikia, nilikuwa sisikii. Nilingoja aniambie nirudi nyumbani, na ningerudi bila neno.

Aliuliza, "Tangu lini, Awowe?"

"Tangu kabla hujanipa kazi."

Aliitazama mashine pale uani. Kisha akauliza polepole, "Sasa miaka yote hii nani alikuwa anasikia kwa niaba yako?"

Dahabo. Hapo ndipo nilipoikumbuka ile chai.

Ilikuwa mara tu baada ya ile homa. Uliniletea chai, ukakaa mbele yangu, jambo ambalo hukuwa ukifanya asubuhi, una kazi zako. Ukauliza, "Chai ikoje?" Nikanywa, nikasema, "Leo iliki imekolea." Ulinitazama kwa muda mrefu. Nikadhani umependa sifa. Halafu ukainuka, ukachukua kikombe, na sikuuliza kwa nini unakwenda jikoni kuongeza kitu ambacho nimekwambia kimekolea.

Hapakuwa na iliki mle. Sivyo? Hukutia hata punje moja.

Ulijua. Tangu siku ile ulijua, na hukusema. Si kwangu, si kwa Nasteho, si kwa wanawake wa jirani. Nilipoajiriwa kwenye mashine ya gesi hukunizuia, maana ulijua nikizuiwa nitakwenda mbio zaidi. Ukamzulia mzee wako mke mdogo, ukajifanya una wivu, ukaninusa shati kila jioni, ukanipa habari kwa mzaha ili jina la pua libaki langu. Na mimi nikavimba kichwa.

Nililia pale kwenye ngazi. Sahra alitazama upande mwingine, ni binti mwenye adabu.

Hakunifukuza. Ameniwekea kidude ukutani, chini karibu na sakafu, kinachopiga kelele kikisikia gesi. Na Habiba, yule mama anayefagia, hunusa mashine kabla sijaiwasha. Ananizunguka kama ng'ombe wa mnadani. Akisema salama, nawasha. Nilimwambia asipoharakisha sakafu itazeeka, akaniambia, "Mzee, wewe una mikono, mimi nina pua, tulia." Nimetulia. Koki hufungwa kwanza sasa, injini hufa yenyewe, hata adhana ikiita mara mbili. Mungu anajua niko njiani.

Lakini Kadija alikuwa hana uunsi, na harusi ilikuwa jioni ile ile. Nikaja nyumbani. Lile kopo lako la mwisho la uunsi lilikuwa chini ya mto wangu, uunsi ulioupika mwenyewe kwa ubani wa yule mama wa Hagadera. Kila Ijumaa nimekuwa nikilifungua na kuingiza pua, navuta, navuta, na hakuna kitu. Ulikuwa umo humo ndani na mimi nimefungiwa nje. Nilichota nusu, nikampelekea Kadija. Alipofungua alishika mdomo.

Walifukiza ukumbi ulipokuwa umepoa, mashine iko mbali nje na mtungi umefungiwa kwenye kizimba chake cha chuma. Nilisimama kwenye dirisha la upande wa wanaume. Nikawasikia wanawake wakiulizana, "Hii ni mikono ya nani?" Na Kadija kwa ile sauti yake, "Ya Dahabo, Mungu amrehemu. Nani mwingine?"

Sahra alitoka nje. Nikamwomba kitu ambacho sijawahi kumwomba mtu. Nikamwambia, binti yangu, niambie inanukiaje. Akafumba macho. Akasema inaanza na sukari iliyoungua kidogo, halafu ubani, halafu kuna kitu kama mvua ikianguka kwenye udongo mkavu, halafu nyuma kabisa, mbali, kuna iliki.

Iliki, Dahabo. Uliniwekea huko.

Nakuacha sasa, mkono umechoka na barua imekuwa ndefu kuliko daftari yangu. Mungu akupanulie kaburi lako na alitie nuru. Kuhusu pua, nimeacha kudanganya, mtu akiuliza nitasema imekufa, na kwamba ilipokufa nilikuwa na nyingine bora kuliko ya mtu yeyote kutoka hapa mpaka Diff. Kesho alfajiri nitateremsha kile kikopo rafuni nikoroge povu mpaka liwe zito kama lako, na sitamwaga hata tone. Na jioni nikirudi, nikishavua viatu, nitasimama kidogo mlangoni kabla ya kuingia, mpaka umalize kuninusa.

Mume wako,
Gedi