Mvua Yetu Imeenda Madagaska

Jumatano, kijijini Theta

Hata leo hakuna wingu. Tulipanda kwenye vumbi kama kila mwaka, tukijua mvua iko karibu. Leo nimefukua mahindi, nikakuta mchwa wamemaliza.

Binti yetu Wambui, mwalimu, amenieleza kwa simu. “Mami, bahari karibu na Madagaska imepata joto sana. Hewa yenye maji inapanda, upepo unaizunguka. Hicho kimbunga ndicho kinavuta mvua yetu.”

Huko kinabomolea watu nyumba. Huku tunaangalia juu tu. Sijui hata nimkasirikie nani.

Jioni Baba Wambui amesema mvua ikija tutapanda tena. Githeri, mahindi na maharagwe, aliyokuwa akila ndiyo ilikuwa mbegu yetu ya mwisho.