Kichwa Kipya kwenye Ubao wa Baba

Jumatatu, 6 Februari

Mwalimu wa kuchora ametuchoresha birika tena. Birika! Kwa penseli, na kivuli upande wa kushoto. Nimesifiwa, nikaona aibu kufurahi. Nyumbani Baba anachora waigizaji, na nyuso zao zikishachongwa kwenye mbao na kuchapwa, Tokyo nzima inazinunua. Mimi naruhusiwa nywele tu. Mwaka wa pili sasa, nywele! Leo nimemwomba anipe japo pua. "Bado, Kinue." Hata macho hakuinua. Nimesaga wino mpaka mkono ukafa ganzi.

Jumatano, 8 Februari

Bwana Kuramochi, mchapishaji wetu, amekuja na theluji mabegani na asali mdomoni. Mchezo wa Mjane wa Kivukoni unarudi jukwaani. Shigenojo mzee, aliyemwigiza Mjane miaka yote, hayumo — amegombana na wenye jumba, ameondoka kwenda mikoani. Mwanamke huyo sasa ataigizwa na kijana Tamazo, yule ambaye wasichana darasani wanamlilia kana kwamba wamefiwa. Basi Bwana Kuramochi anataka picha yake upesi. Na ubao upo! Ule wa Baba, Shigenojo akiwa Mjane, anageuza shingo kutazama mto. Baba hajawahi kuchora kitu kizuri kama kile. Hata wasiompenda wanakiri.

"Tunachomoa kichwa ubaoni, tunapachika kingine," kasema Bwana Kuramochi. "Mwili ni mwili, fundi wangu. Kimono hakina mwenyewe."

Baba akammiminia chai. Basi! Nilikuwa nyuma ya mlango wa karatasi, nauma mkono wa nguo yangu. Nimemwuliza Mama kwa nini Baba hakukataa. Kasema mbao ni mali ya mchapishaji, wote hufanya hivyo, na nikaoshe mchele.

Alhamisi, 9 Februari

Baba alikwenda kumtazama Tamazo jukwaani. Karudi na karatasi tupu. "Uso kama tofu, mweupe na laini tu. Macho yangu hayana pa kushika." Hajala.

Jumamosi, 11 Februari

Sikukuu ya taifa. Nyimbo shuleni, na keki mbili za mchele, nyekundu na nyeupe. Nimekimbia nyumbani nimpe Baba ile nyekundu. Nikamkuta mzee Genpachi, mchongaji, sebuleni.

"Nimekata vichwa vingi kuliko mkata shingo wa shoguni aliyetawala zamani," anamwambia Baba, "lakini hiki kinanitia kichefuchefu. Lete huo uso, niumalize."

Baba akanitazama. "Chora wewe."

Mimi! Nimeomba hekaluni, nimeomba mbele ya madhabahu ya babu — na jibu ndilo hili. Nilisema kwa adabu kwamba sitaki kuuharibu ubao wake. "Mimi nitamchora kwa hasira," kasema Baba. "Wewe huna kinyongo na mtu." Si kweli. Ninacho, na Bwana Kuramochi. Kidogo.

Jumapili, 12 Februari

Baba amenipeleka nyuma ya jukwaa. Tamazo alikuwa anaota moto wa makaa, anatafuna kiazi kitamu pamoja na ganda lake, rangi nyeupe imeishia kidevuni. "Huyu mtoto ndiye mchoraji? Haya bibie, nipunguzie masikio!" Baba alipotoka kidogo, mzaha ukamwisha. Kasema kila akigeuza shingo kama Shigenojo, kuna mtazamaji huko nyuma anapiga kelele: "Turudishieni mzee wetu!" Alipokuwa akisema hivyo alikaza mdomo na shingo. Hapo nikauona uso. Nikachora mbio mbio.

Lakini nyumbani, nikikipachika kwenye picha ya zamani iliyochapwa, kichwa hakikai! Shingo iliyo ubaoni ni ya Shigenojo, imelegea kama ya mtu aliyekwisha kulia. Tamazo wangu ameikaza yake, kama anayengoja kofi. Nikimlegeza, anakuwa Shigenojo mwenye ngozi laini. Nimeharibu karatasi, nimemjibu Mama vibaya, nimeomba radhi, nimeharibu nyingine.

Jumatatu, 13 Februari

Natoka shule, naukuta ubao wenyewe mezani. Genpachi ameshatia mstari wa kukata, kutoka ukosi mpaka utosini. Patasi mkononi. "Haya, binti. Chai yangu imeshapoa."

Nikawawekea yeye na Baba michoro miwili. Mmoja unakaa barabara kwenye shingo — na ni uongo. Mwingine ni Tamazo hasa, na hauwezi kukaa mpaka ikatwe shingo, na mabega, na kimono.

Genpachi akaigeuzageuza. "Huu wa uongo nitaumaliza kesho. Huu mwingine unataka ubao mpya kabisa. Kuramochi atapasuka!"

"Upi, Kinue?" kauliza Baba. Aliuliza kama anavyowauliza wachoraji wenzake.

Nikasema wanisubiri kidogo. Niko jikoni, naandika haya juu ya pipa la mchele. Nimemwomba Mama karatasi. "Ya kichwa?" kauliza. Nimesema ya mwili mzima wa Tamazo, kwa ubao mpya. Kubwa kuliko zote zilizomo ndani.

Anaitafuta kabatini. Bwana Kuramochi ameshaingia uani, nasikia viatu vyake vya mbao. Anamwita Genpachi kwa furaha. Anauliza kama kichwa kimeshatoka ubaoni.